Mkopo wa Kujengea Nyumba: Ni Mali ya Nani, na Hisabu Yake Yampasa Nani?

Yako maneno mawili yanayozunguka katika barza zetu za pwani kila itajwapo fedha ya serikali. La kwanza ni kwamba fedha ya serikali haina mwenyewe. La pili ni kwamba mtu mwaminifu haulizwi hisabu. Maneno haya hayafanani: la kwanza husemwa na asiyejali, na la pili husemwa aghalabu na watu wema wenye kuwatukuza wazee wao. Lakini katika jambo la ujenzi hukutana mahali pamoja, na mahali hapo ni nyumba iliyosimama nusu, kuta zimeota nyasi, fedha imekwisha, na hapana ajuaye ilikwenda wapi.

Twataka kuyatazama kwa utulivu, maana mikopo ya kujengea si jambo geni kwetu. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya nyumba na kuunda Bodi Kuu ya Nyumba, ambayo kazi yake ilikuwa kuzikopesha halmashauri za miji fedha za kuwajengea Waafrika. Baada ya uhuru, mwaka 1967, kazi hiyo ikachukuliwa na Shirika la Nyumba la Taifa, nalo likakopesha halmashauri, na hata watu binafsi wenye ardhi zao. Mwaka 1975 Serikali ya Kenya ilipatana na Benki ya Dunia juu ya mradi wa Dandora, huko Nairobi. Vilipimwa viwanja 6,000. Barabara, maji na mifereji ya maji machafu vikawekwa na mji, na mwenye kiwanja akaachiwa ajenge vyumba vyake mwenyewe, huku akikopeshwa kwa ajili ya vifaa na akitakiwa awe amejenga katika muda uliowekwa. Mwaka 1978 ukafuata mradi wa pili, uliokusanya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Na kwetu Mombasa wazee wa Chaani na Mikindani wayakumbuka mambo hayo vizuri kuliko sisi.

Na katika siku hizi zetu jambo limezidi kuwa karibu. Makato ya nyumba yalianza mwaka 2023, yakapelekwa mahakamani, na Mahakama Kuu ikayabatilisha Novemba ya mwaka huo; kisha Machi 2024 ikatungwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo kwayo mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri wake hutoa kiasi kama hicho. Mtu aweza kuyapenda makato haya au kuyachukia. Hilo si shauri letu leo. Lakini yule asemaye kwamba fedha ya serikali haina mwenyewe, na aichukue karatasi ya mshahara wake, au ya mwanawe, aitazame. Mwenyewe ameandikwa jina hapo juu.

Basi neno la kwanza tumelimaliza upesi, kwa kuwa halina uzito mkubwa. Neno la pili ndilo lenye taabu, na ndilo tutakalokaa nalo.

Yafaa kwanza tufahamu mkopo wa kujengea ni kitu gani. Haufanani na mkopo wa kununua ng'ombe. Anunuaye ng'ombe hupewa fedha yote, akaenda mnadani, akarudi na mnyama wake, na kila mtu akamwona. Nyumba haipo siku ile mkopo uandikwapo. Ipo karatasini tu, katika ramani na katika orodha ya vipimo na bei. Kwa hiyo imekuwa desturi kuitoa fedha kwa mafungu: fungu la msingi, fungu la kuta mpaka linta, fungu la paa, na fungu la kumalizia, yaani lipu, milango, madirisha na mabomba. Fungu la pili halitoki mpaka mkaguzi aje aone kwamba la kwanza limekuwa jengo. Na katika kazi za makontrakta huzuiliwa kitu katika kila malipo, mara nyingi asilimia 5 au 10, mpaka ipite miezi kadhaa baada ya kazi kwisha, ili ukuta ukipasuka au paa likivuja awepo wa kurudi kutengeneza. Watu wetu huyaona haya yote kuwa usumbufu wa makarani. Nasi twakiri kwamba makarani wana usumbufu wao, na foleni zao twazijua. Lakini katika jambo hili karani hakukosea. Baina ya fedha na nyumba kuna kipindi ambacho fedha imeshatoka na nyumba haijawa, na katika kipindi hicho hapana kitu cha kuonesha ila maandishi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kijana mmoja mwenye kusoma vitabu aliuliza katika darasa letu swali ambalo baadhi ya waliokuwapo walilikasirikia, nasi tukaona lastahili jibu wala si hasira. Alisema hivi: mkopo ni qardhi, na katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kukopa hukimiliki alichokopa akishakipokea. Akishakimiliki ni mali yake, na mtu huitumia mali yake apendavyo. Kilicho juu yake ni deni katika dhima yake, na deni hulipwa kwa mfano wake. Basi mtu akilichukua fungu la paa akamwozea dada yake, na kila mwezi alipa bila ya kukosa hata senti moja, amemdhulumu nani? Na daftari mnalotaka aliweke lina maana gani, ikiwa anayemdai alipwa?

Hoja hii ina nguvu, na aijibuye kwa kukunja uso tu hajaielewa. (Jambo la riba katika mikopo hii lina mlango wake peke yake, nao ni mlango mrefu, hatuuingii hapa, kwa sababu hata mkopo usiokuwa na riba kabisa una swali hili hili ndani yake.)

Twaanza kwa kumpa kijana haki yake. Ni kweli kwamba fungu alilolipokea mtu kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe si amana mkononi mwake, ni deni. Na tofauti ya viwili hivyo si ya maneno tu. Aliyewekewa amana ikaibiwa bila ya uzembe wake, hana la kulipa. Mwenye deni hana nafuu hiyo. Mvua ikimlowesha simenti yake ikaganda, hasara ni yake. Fundi akimkimbia na malipo ya wiki, hasara ni yake. Deni liko pale pale. Basi kijana akitaka fedha ile iitwe mali yake, na tumwite mwenye mali, lakini aichukue pamoja na hasara zake zote.

Lakini yako mambo ambayo hoja yake imeyaruka. Amesema mtu hukimiliki alichokipokea. Sawa. Na fungu ambalo hakulipokea bado? Hilo si lake, na hulipata kwa neno analolisema. Atakapotaka fungu la kumalizia atatakiwa aseme, au aandikiwe na mwengine naye atie saini, kwamba paa limekwisha kuezekwa. Ikiwa paa lilikwenda arusini, neno hilo litakuwa la uongo, na fedha itakayotoka kwa neno hilo imechukuliwa kwa uongo, hata ikilipwa yote mpaka senti ya mwisho. Hapa ndipo tuonapo kwamba ndugu zetu wengi wamechanganya mambo. Wamedhani juu ya mkopaji pana wajibu mmoja, nao ni kulipa. Kwa hakika pana wajibu wa pili, nao ni kusema kweli juu ya kile alichochukulia fedha. Na wajibu huu haulipwi kwa kulipa. Mtu aweza kumaliza deni lake lote akabaki na ushahidi wa uongo shingoni mwake, na ule hauna mwezi wa kulipiwa.

Tena, mkopeshaji aliyetoa kwa sharti, na mkopaji akalikubali sharti hilo kwa hiari yake, haifai aambiwe kwamba sharti lilikuwa pambo. Waislamu hufungwa na masharti yao maadamu hayahalalishi haramu wala kuharamisha halali. Na kujenga paa kwa fedha ya paa si katika hayo. Na mara nyingi nyumba yenyewe ndiyo rahani ya deni. Yule aliyeila fedha ya paa ameipunguza rahani ya mwenziwe kabla haijazaliwa. Na nyuma yake wamesimama watu wengine wenye kungoja, maana fedha za namna hii huzunguka: alipalo huyu ndilo akopeshwalo yule. Nyumba isiyokwisha haina mpangaji, haiwezi kuuzwa kwa thamani yake, na mara nyingi haina mlipaji. Kule Dandora wengi walijenga vyumba zaidi ya walivyovikaa wao, wakapangisha, na kodi ile ikawasaidia katika malipo. Chumba kisicho na paa hakitoi kodi.

Hayo ni ya mtu na nyumba yake. Lakini mikopo mingi ya watu wetu huchukuliwa kwa vikundi na vyama vya ushirika, na huko hali yabadilika kabisa. Mshika fedha wa kikundi si mkopaji wa fedha yote. Fedha za wenziwe mkononi mwake ni amana, na hapa hoja ya umiliki haina mahali pa kusimama. Na huku ndiko hasa kunakosemwa kwamba mwaminifu haulizwi hisabu. Mtu akithubutu kumwambia mzee, "Baba, tuoneshe daftari," mzee hunyamaza kidogo, kisha husema, "Mwanangu, leo wanitia wizi?" Na majlisi yote humgeukia yule aliyeuliza, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba.

Twakijua kikundi kimoja katika mji mmoja wa pwani hii, watu kumi na wawili wa mtaa mmoja, waliochukua mkopo wa vifaa pamoja. Mshika fedha wao alikuwa mzee mwenye duka dogo, mtu wa safu ya mbele msikitini, ambaye hata watoto wa mtaa walimwekea senti zao za Idi. Hakuandika kitu. Alihifadhi kila jambo kichwani, na kichwa chake kilikuwa kizuri. Wenziwe wasema hakupata kukosea hata mara moja kwa muda wa miaka miwili. Fedha ya kikundi na fedha ya duka vilikaa katika sanduku moja. Kisha akafa kwa ghafla, baina ya magharibi na isha. Hata hitima haijasomwa, muuza mbao alikwisha kuja kudai, akaja fundi, wakaja watu wawili wa kikundi waliosema kwamba walikuwa wametanguliza malipo yao ya miezi mitatu. Mjane hakujua lolote. Sanduku lilikuwa na fedha, lakini hapana aliyeweza kusema ipi ni ya duka, ipi ya kikundi. Na sheria yetu yajulikana: deni la maiti hutangulia urithi. Warithi wakauza bidhaa za duka wakalipa walichoamini, na wasichoamini wakakikataa. Mmoja wa wale wawili mpaka leo asema alidhulumiwa. Na wako wasemao kwamba mzee alikula. Sisi twaamini hakula. Twaamini hivyo kwa sababu tulimjua. Lakini watoto wake hawawezi kumwonesha mtu kujua kwetu.

Katika kisa hiki hapana mwizi. Hilo ndilo tunalotaka msomaji alitie moyoni. Watu hudhani kwamba hisabu iliwekwa kwa ajili ya wezi, kwa hivyo asiye mwizi haimhusu. Mwizi hodari huandika vizuri kuliko sisi sote. Stakabadhi zake hunyooka mistari. Mwenye kuumia kwa kukosa maandishi ni yule mwema, kwa sababu mwema hutegemea watu wamjue, na kujuliwa huko hufa pamoja naye, au hufa pamoja na wale waliomjua. Katika fikihi kauli ya mwenye amana hukubaliwa kwa kiapo chake asemapo kwamba kitu kiliharibika bila ya uzembe wake. Ni heshima kubwa ambayo sheria imempa. Lakini kiapo chataka mtu aliye hai, na tena kiapo hakimlipi muuza mbao.

Na ni ajabu kwamba sisi ndio watu wa kuliona daftari kuwa ni matusi, ilhali aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya kuandika deni. Imeamrisha deni la muda liandikwe, na mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuliandika likiwa dogo au likiwa kubwa. Wanavyuoni wengi wamesema amri hiyo ni ya sunna, na wachache wakasema ni ya wajibu, hatugombani hapo. Tunalotaka litazamwe ni jambo moja ambalo hupitwa mara nyingi: aliyeamrishwa kumsomea mwandishi yale ya kuandika ni yule mwenye kudaiwa. Si mdai. Anayedaiwa ndiye asemaye, naye aamrishwa asipunguze kitu. Basi hisabu si pingu anayofungwa mkopaji na mwenye fedha. Ni maneno ya mkopaji mwenyewe, yeye ndiye mwenye kuyatoa, na ndiyo maana hulazimika kuyatoa kwa ukweli.

Wako wenye kujibu kwa aya inayofuata, ambayo imeruhusu watu wakiaminiana wasiandikiane, na aliyeaminiwa aitekeleze amana yake. Jibu ni kwamba aya hiyo yaanza na hali ya safari ambapo hakupatikana mwandishi. Ni rehema kwa wenye dharura na kwa wenye kuaminiana wawili kwa wawili. Mtu aishiye mjini, mwenye kalamu mfukoni na mwana wa darasa la nane nyumbani, naye ameshika fedha za watu kumi na wawili, yuko mbali na safari hiyo. Na uthubutu wa kusema "tunaaminiana" ni haki ya wale waliokubaliana. Wale wanaongoja mkopo nyuma yao hawakukubaliana na mtu.

Sayyidna Umar, ambaye hakuwatuma magavana ila wale aliowaridhia, alikuwa akiandika mali zao siku ya kuwapa kazi, ili apate kuzilinganisha baadaye. Hatukusoma kwamba masahaba hao walisema wametiwa wizi.

Liko swali gumu kuliko haya yote, nalo huulizwa kwa machozi. Mtu amepokea fungu la paa, na usiku ule mtoto wake akashikwa na maradhi, na hospitali yataka fedha kabla ya kumlaza. Akaitoa fedha ya paa. Je, huyu ni haini? Twasema: katika kuitoa hatumlaumu, na yule amlaumuye na aombe asijaribiwe. Roho ya mtoto yatangulia mabati. Lakini dharura humwondolea mtu lawama ya lile alilolazimika kulifanya, nayo hukadiriwa kwa kiasi chake. Dharura ilimlazimisha atumie, haikumlazimisha afiche. Asubuhi yake, au wiki yake, mlango wa kwenda kusema uko wazi: fungu hili limetumika kwa jambo hili, naomba muda. Yumkini atakataliwa, na yumkini atatozwa faini. Maafisa wengine wana nyoyo na wengine wana kanuni tu. Lakini mtu aliyeandika katika daftari lake, tarehe kadha, fungu la paa, shilingi kadha, hospitali, bado ni mtu mkweli aliyepatwa na msiba. Na yule anunuaye mabati kumi ya kuazima akayapanga juu ya ukuta ili mkaguzi apige picha, kisha akayarudisha jioni, huyo msiba wake ameugeuza kuwa kitu kingine. Nasi mabati ya kuazima tumeyasikia zaidi ya mara moja.

Daftari lenyewe si jambo la elimu kubwa. Fedha ya ujenzi ikae peke yake, ikiwezekana katika akaunti yake benki, isichanganywe na ya duka wala ya nyumbani. Kila kinachoingia kiandikwe siku yake, na kila kinachotoka kiandikwe siku yake, pamoja na jina la aliyepokea na kazi iliyolipiwa. Fundi asiyejua kuandika atie dole gumba. Vifaa viandikwe vinapofika kwenye kiwanja, si vinapolipiwa dukani, maana baina ya duka na kiwanja kuna njia, na njiani kuna watu. Risiti zitiwe katika bahasha moja, na wawili waijue ilipo. Wako wasemao siku hizi kwamba haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa tangu mwaka 2007 tuna M-Pesa, na simu huandika yenyewe. Simu ni msaada mkubwa, hatukatai. Lakini ujumbe wa simu husema fedha ilikwenda kwa nani na saa ngapi. Hausemi ilikwenda kufanya nini. Fulani aliyepelekewa shilingi elfu ishirini ni muuza kokoto, au ni shemeji?

Na daftari hulinda zaidi ya fedha. Chukua msingi wa nyumba ndogo, urefu wake wote mita 40, upana sentimita 60, unene wa zege sentimita 20. Ukizidisha utapata mita za ujazo 4.8. Zege la kipimo kimoja cha simenti, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto hutaka takriban mifuko 6 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Basi msingi ule utakula karibu mifuko 30. Ikiwa daftari laonesha kwamba ilifika kiwanjani mifuko 30, na iliyotumika ni 18, mwenye nyumba ana swali la kumwuliza fundi wake kabla hajaweka jiwe la kwanza la ukuta. Asiye na daftari atalijua jibu baada ya masika mawili, nyufa zikianza pembeni mwa mlango, wala hapo hapana wa kuulizwa. Mtoto atakayelala chini ya ukuta ule hakutia saini mkopo wowote.

Twamalizia na mkaguzi, kwani haingekuwa uadilifu kumsema mkopaji peke yake. Saini ya mkaguzi juu ya cheti cha fungu ni ushahidi: kwamba alifika, aliona, alipima. Aliyetia saini ofisini bila ya kufika ameshuhudia asilolishuhudia. Na aliyefika akapewa "chai" na mwenye nyumba, hata kama kuta zilikuwa kamili na chai ilitolewa kwa moyo mweupe, na akikumbuke kisa mashuhuri kilichomo katika Sahihi ya Bukhari, cha mtu aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya sadaka, akarudi akagawanya vitu mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alikasirika, akapanda mimbari, akauliza kama mtu yule angalikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi ile ingalimfikia? Mkopaji naye asijifanye mnyonge katika jambo hili. Ikiwa kuta zake ni kamili, chai ni ya nini? Na ikiwa si kamili, basi alichonunua kwa chai ile ni uongo wa mtu mwengine.

Limebaki moja dogo, ambalo tumeulizwa na zaidi ya mtu mmoja, nalo lawahusu wale waliofanya vizuri. Mtu amejenga kwa uangalifu, nyumba imekwisha, na katika fungu la mwisho imebaki fedha. Na kiwanjani imebaki mifuko mitatu ya simenti na nondo chache. Je, ni vyake? Akiwa amejenga nyumba yake mwenyewe, vifaa ni vyake, kwa kuwa deni lake ni lile lile. Na fedha iliyobaki, lililo salama ni kuirudisha ipunguze deni, au kuandika kuomba ruhusa aitumie kwa kisima au ukuta wa ua, kisha angoje jibu. Akiwa ni mshika fedha wa kikundi, hana ruhusa hata ya mfuko mmoja mpaka wenziwe wakae waseme, na waliyosema yaandikwe katika daftari lile lile, chini ya mstari wa mwisho wa matumizi, na wote watie saini zao.